Ukiona masikio ya sungura Ndia Kuu, usifunge duka

Hebu jiulize: ni nani anayekimbia Mji wa Kale? Mtoto aliyetumwa ndimu na mamake akakawia kwenye mpira, huyo anakimbia. Anayewahi feri ya Likoni anakimbia. Na mwizi naye anakimbia. Ukiwatoa hao watatu, mtu mzima akipita mbio kichochoroni saa kumi na mbili jioni, vichwa vinatoka madirishani na swali ni moja: kafanya nini huyo?

Wakiwa kumi na tano, hata hilo swali haliulizwi. Mlango wa duka unavutwa chini, watoto wanaitwa ndani. Mombasa tumeyaona makundi ya vijana wenye mapanga, tumesikia majirani waliojeruhiwa, na tangu hapo kundi la vijana wanaokimbia lina maana moja tu kwa mtu aliyeketi barazani. Humlaumu. Lakini wewe uliye na miaka ishirini na miwili, unayetaka tu kutoka jasho na wenzako baada ya wiki nzima ya kukaa mbele ya simu, umeshapoteza kitu hapo. Umepoteza haki ya kukimbia kwenye mtaa wenu bila mtu kupiga kelele ya "mwizi!" Na sote tunajua kelele hiyo inaweza kumaliza nini.

Kwa hiyo leo tunataka kukupa wazo ambalo mwanzoni litakuchekesha. Vaa masikio ya sungura.

Tunasema kweli. Kitambaa cheupe, waya kidogo, kazi imeisha. Mwenye duka hajawahi kuibiwa na mtu mwenye masikio ya sungura, wala askari hawezi kumshuku mtu huyo kwa uso mkavu. Kundi lenye masikio marefu likitokea kwenye kona linapewa sekunde mbili za watu kushangaa, kisha watoto wanaanza kulifuata. Mchezo wenyewe una historia, na ukiujua utaona Mji wa Kale ni kama ulijengwa kwa ajili yake.

Mwaka 1938, mjini Kuala Lumpur, mhasibu mmoja Mwingereza, Albert Gispert, pamoja na marafiki zake, waliufufua mchezo wa zamani wa wanafunzi wa Uingereza. Mmoja anakuwa sungura. Anatangulia mbele huku akiacha alama njiani, wengine wanamfuata kwa kusoma zile alama. Walijiita Hash House Harriers. "Hash House" lilikuwa jina la utani la mahali walipokuwa wakila, na sifa za chakula chake hazikuwa nzuri. Gispert aliuawa vitani Singapore mwaka 1942, lakini baada ya vita wenzake waliendelea, na leo makundi ya namna hiyo yako duniani kote. Kenya pia yapo, Nairobi na hata hapa Mombasa. Ukiuliza wengi wetu wa kisiwani kama tumewahi kuyasikia, jibu ni hapana, na sababu yake tutaifikia.

Kwanza akili ya mchezo wenyewe. Kwenye mbio za kawaida, aliye fiti anatoweka na wewe unabaki peke yako na kichomi ubavuni. Hapa sungura anakuwa mjanja, kama yule wa hadithi za bibi. Akifika njia panda anachora duara. Maana yake: njia ya kweli ni moja kati ya hizi tatu, itafuteni. Wenye mbio wanachomoka, mmoja kulia, mmoja kushoto, mmoja moja kwa moja. Wawili wataenda mita mia moja wakute alama ya kwisha, warudi wamenuna. Wakati wanahangaika, wewe uliyekuwa unatembea umeshafika kwenye duara, umepumua, na njia imeshapatikana. Mnaondoka pamoja. Baada ya dakika tano, duara jingine.

Umeona hapo? Wenye kasi wanakimbia kilomita nyingi, wa polepole wanakimbia chache, na wote wanafika karibu pamoja. Hakuna aliyeambiwa apunguze mwendo, hakuna aliyeonewa huruma. Njia yenyewe ndiyo inayowasawazisha.

Sasa tafuta mji wenye njia panda kila hatua ishirini. Ingia kutokea Fort Jesus, pita Msikiti wa Mandhry, teremka kuelekea bandari ya madau, pinda kuelekea Kibokoni, na ukitoka hapo hata aliyezaliwa Kuze anaweza kujikuta mlangoni kwa watu. Vichochoro vyetu vinapinda, vinabana, vinafunguka ghafla kwenye uwanja mdogo wenye paka wanane na mzee mmoja. Mgeni anapotea kwa dakika kumi. Kwa mtu anayetaka kuficha njia, ni raha tupu. Mchezo huu kwenye barabara iliyonyooka kama Moi Avenue haunogi.

Lakini ukiuleta jinsi ulivyo, utakwama siku ya kwanza.

Kule ulikotoka, alama zinawekwa kwa unga wa ngano. Fikiria unga, Mji wa Kale. Kwanza ni chakula, na bibi yako akikuona unamwaga unga chini utakimbia kweli. Pili, kwetu hapa neno "unga" lina maana nyingine, na hakuna mtaa wa kisiwa hiki usiojua maana hiyo imechukua nani. Huwezi kuacha vijirundo vyeupe kwenye kona za vichochoro vile vile ambamo mama fulani alikuwa akimtafuta mwanawe usiku. Huko Marekani, mwaka 2007, mjini New Haven, wakimbiaji wawili waliweka unga kwenye maegesho ya duka la IKEA, watu wakadhani ni sumu, duka likafungwa na wawili hao wakakamatwa. Sisi tutumie chaki. Chaki chini kwenye kabro, narudia, chini. Si ukutani, si kwenye mlango wa nakshi ambao fundi wake alikufa kabla ya babu yako kuzaliwa. Mvua ikinyesha, imekwisha.

Halafu kuna bia. Hash tangu mwanzo ilikuwa mbio zinazoishia kwenye bia, na wenyewe hawafichi. Ni sehemu ya utani wao na wana haki nao. Hatuandiki kumhukumu mtu na glasi yake. Ila tuseme ukweli: klabu inayomalizia kwenye baa inaweza kutundika bango la "karibuni wote" kubwa kama jahazi na bado nusu ya Mji wa Kale isije. Msichana wa miaka kumi na tisa hawezi kumwambia babake anaenda huko. Kijana aliyetoka madrasa hawezi. Na aliyeacha pombe mwaka jana kwa shida kubwa, huyo pia unamfungia mlango, awe Mwislamu au Mkristo.

Na kwa nini uende baa wakati una muuza kahawa? Mbio zinaishia Mama Ngina, pale Lighthouse, bahari iko mbele yako, dafu linakatwa, mihogo inapakwa pilipili na ndimu. Au zinaishia barazani kwa kahawa chungu na kashata. Kama kuna mji duniani ambao hauhitaji kuazima namna ya kukaa pamoja baada ya kazi, ni huu.

Kuna wale mtakaosema: mbio si zetu, mbio ni za watu wa bara, za Iten na Eldoret, sisi wa pwani ni wa kuogelea na kandanda. Hicho ni kisa cha sungura aliyerukia ndizi akazikosa, akaondoka akisema hazijaiva. Mji huu umewahi kuwa mwenyeji wa mbio za nyika za dunia. Tarehe 24 Machi 2007, kwenye uwanja wa gofu kando ya Mama Ngina, walikuja mabingwa wote. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu za wanaume miaka mitano mfululizo, aliingia kama mfalme. Jua la mwisho wa kaskazi likampokea. Joto na unyevu vilimbana hadi akajiondoa kabla ya kumaliza, na Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua ubingwa. Hewa hiyo iliyomshinda Bekele ndiyo unayoivuta wewe kila siku ukipanda ngazi za ghorofa ya nne na mtungi wa maji begani. Usijidharau.

Ila jifunze pia kutoka kwake. Kati ya Januari na Machi usikimbie saa nane mchana kwa kutaka sifa. Kusi ikianza kuvuma, mambo yanapoa kidogo.

Saa, kwa kweli, ndiyo itakayoamua nani aje. Watu hudhani ukarimu ni tabasamu mlangoni; mara nyingi ni ratiba. Ukiweka Jumamosi asubuhi, umewakosa walio madrasa. Jumapili asubuhi, umewakosa walio kanisani. Saa moja usiku, umewakosa wasichana wengi, na waliokuja watarudi na wasiwasi. Sisi tungeweka Jumapili saa kumi na nusu jioni: alasiri imeshaswaliwa, misa imekwisha zamani, jua limelegea, na kabla ya adhana ya magharibi kila mtu ameshakaa na dafu lake. Mwezi wa Ramadhani, mnahama hadi baada ya tarawehe na mnatembea, basi. Na muda wa swala hakuna kupiga kelele za "On-On" karibu na msikiti; hizo ni kelele zao za kujulishana kuwa njia imepatikana. Kwetu tunaweza kuwa na zetu. "Huku!" inatosha.

Kuhusu majina. Kule wanaomkimbiza sungura huitwa mbwa wa kuwinda. Jaribu kumwita mtu wa Mji wa Kale mbwa uone. Kuna aliyependekeza fisi, kwa kuwa hadithini fisi na sungura ni maadui wa tangu na tangu, lakini mjini sasa fisi ni mwanamume anayewafuatafuata wanawake, na hilo ndilo jina la mwisho unalolitaka kwenye klabu yenye wasichana. Tunasema waitwe kobe. Katika masimulizi mengi ya kwetu, kobe hakumshinda sungura kwa sababu sungura alilala. Alimshinda kwa kuwapanga ndugu zake njiani, mmoja hapa, mwingine pale, na kila sungura akiita, kobe anajibu mbele yake. Wengine watasema ni udanganyifu. Sawa, lakini ni udanganyifu wa ukoo mzima.

Mbio kubwa nazo zina sungura wao. Wale wanaolipwa kutangulia mbele, kuweka kasi na kuwakinga wenzao upepo, kisha wanajitoa kabla ya mwisho, kwa lugha ya wanariadha huitwa hivyo hivyo: sungura. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, alikuwa na 41 wakipokezana kumzunguka. Picha ile tunaikumbuka kwa sababu yake, lakini hebu iangalie tena uwaone wale wa pembeni. Na wakati mwingine sungura anasahau kujitoa: Simon Biwott aliajiriwa kuweka kasi Berlin mwaka 2000, akaendelea, akashinda.

Klabu yetu inahitaji sungura wa namna hiyo pia, ila huyu akae nyuma. Kuna mbio za bure za kila Jumamosi zinazoitwa parkrun, zilizoanza London mwaka 2004 na watu 13 tu. Leo ziko nchi nyingi, na wana desturi moja nzuri: mtu wa kujitolea hupangwa kutembea nyuma kabisa, ili mgeni yeyote asiwe wa mwisho. Kazi yake nzima ni kuwa wa mwisho kwa niaba yako. Ukija siku ya kwanza na tumbo lako na viatu vya mtumba vya Kongowea, unajua kuna mtu mwenye masikio nyuma yako ambaye hataondoka mpaka ufike.

Wengi wetu hatuogopi kukimbia. Tunaogopa kuonekana tukikimbia vibaya. Na kwa msichana hofu hiyo ni mara tatu, manake kila baraza lina maoni juu ya nguo yake, mwendo wake, na kama wazazi wanajua. Mwaka 2012, kwenye Olimpiki ya London, Sarah Attar wa Saudi Arabia aliingia mbio za mita 800 akiwa amefunika nywele na kuvaa mikono mirefu. Alitumia dakika 2 na sekunde 44.95, wenzake wakiwa wamemaliza zaidi ya nusu dakika kabla yake. Uwanja mzima ulisimama kumshangilia. Yeye na mwenzake wa judo ndio waliokuwa wanawake wa kwanza wa nchi yao kushiriki Olimpiki, na sasa niambie nani anakumbuka aliyeshinda mchujo ule.

Kwa hiyo msichana akija na dera juu ya suruali, karibu. Akija na hijabu, karibu. Akija bila, karibu vilevile, na wa kumtolea maneno aachwe nyumbani Jumapili hiyo. Akitaka kuja na dadake, mamake au shangazi wa kutembea naye nyuma, ndo vizuri zaidi. Na wanaume wa klabu wajue kuwa ulinzi haumaanishi kumzunguka msichana kama walinzi wa gavana. Unamaanisha akirudi nyumbani asiwe na nambari tano ngeni zinazompigia.

Mtihani mgumu zaidi ni mwingine. Kuna vijana mitaani mwetu walioingia kwenye unga na sasa wanapanda ngazi kurudi juu, kila asubuhi wanapanga foleni ya methadone. Mtaa unawaita mateja hata miaka miwili baada ya kuacha. Mmoja wao akija Jumapili, amevaa masikio, ataingia? Nani atakimbia kando yake? Simu zenu mtazihamisha mfuko? Usijibu haraka. Jibu ukiwa unamfikiria yule wa kwenu, manake karibu kila familia ya hapa ina wa kwao. Mtu kama huyo hana haja ya hotuba, hotuba kazisikia. Anahitaji saa moja kwa wiki ambayo ni kobe kama kobe wengine, na anapotezwa kwenye duara la chaki sawa na mwalimu, sawa na dereva wa tuktuk.

Tunajua pia namna klabu hizi hufa. Huanza kwa furaha, mwezi wa pili kuna tisheti ya lazima, wa tatu kuna ada, wa nne kuna mwenyekiti, katibu na mgogoro. Nairobi wana klabu inayoitwa Urban Swaras, imejipa jina la swara na imedumu, kwa hiyo inawezekana. Lakini hapa mtoto wa Kibokoni asiye na pesa ya tisheti asionekane tofauti na mwenye nayo. Masikio kila mtu atengeneze yake. Yakiwa mabaya, ndo vizuri. Sungura mzuri sana anatia shaka.

Kabla ya Jumapili ya kwanza, wawili kati yenu muende kwa wazee wa mtaa na kituo cha polisi, mseme: saa fulani, njia fulani, tuko wangapi, tutavaa hivi. Muombe radhi mapema kwa wenye mikokoteni na bodaboda. Nenda barazani uwaeleze wazee wanaocheza bao. Wakishajua mchezo, wao ndio watakaoanza kuwaelekeza kobe njia ya uongo kwa makusudi, na hapo klabu itakuwa ya mtaa.

Sungura wa kwanza, kwa maoni yetu, asiwe mwanariadha. Awe mtu anayezijua njia kuliko ramani ya simu: muuza kahawa, au msichana aliyekuwa akipeleka maandazi ya mamake nyumba kwa nyumba. Apewe dakika kumi na tano za kutangulia. Na anunue chaki mbili, manake ya kwanza itakwisha kabla hajafika bandari ya madau.